Mtoe Mmoja Uone: Namna ya Kutunga Hadithi ya Wanyama wa Shambani Wanaookoana

Hadithi nyingi za wanyama wanaoshirikiana zina ugonjwa mmoja: ushirikiano wenyewe ni wa maneno matupu. Fisi anakuja, wanyama wanakutana chini ya mti, mzee mmoja anasema tushikamane, wote wanapiga kelele, fisi anatimua mbio. Mtoto anasikiliza kwa heshima, kisha anauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza. Mimi nafundisha chekechea, na kipindi cha mwisho cha siku ni cha hadithi, kwa hiyo uso huo wa heshima naujua. Mtoto aliyenogewa hana heshima hata kidogo. Anakukatiza, anasimama, anamsukuma mwenzake, anakupigia kelele, “Mwalimu, mlango! Wafungue mlango!”

Kipimo ninachotumia ni hiki. Chukua hadithi yako, mtoe mnyama mmoja, kisha uone kama waliobaki bado wanaokoka. Wakiokoka, huyo uliyemtoa alikuwa msindikizaji tu. Ama mpe kazi, ama mfute.

Anza na miili yao

Kabla ya kufikiria fisi au mafuriko, chukua karatasi uandike wanyama wanne au watano. Wakizidi hapo, mtoto wa miaka minne anawasahau. Mbele ya kila mmoja andika kitu ambacho mwili wake unakiweza na wa wengine haukiwezi. Usiandike tabia. “Mwerevu”, “jasiri” na “mpole” hazijawahi kufungua mlango. Andika masikio, kwato, pembe, pua.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wanyama halisi wana mambo ambayo mtunzi akikaa chini kubuni hayapati. Bata, kwa mfano, anaweza kulala na jicho moja wazi. Mwaka 1999 watafiti walitangaza walichokiona kwa bata waliolala wamejipanga safu: wale wa mwisho wa safu hufumbua jicho la upande wa nje mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa katikati, na nusu moja ya ubongo hubaki macho wakati nyingine imelala. Huyo ni mlinzi wa usiku aliyezaliwa na kazi yake.

Kuku naye ana mlio mmoja wa hatari kwa mwewe aliye angani na mwingine kwa kicheche anayenyemelea chini. Wenzake wakisikia mlio tu wanajua wajibanze au wanyooshe shingo watazame. Mbuzi mboni yake imelala kwa ubapa, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, anapanda mahali ambapo hata wewe ungeomba ngazi, na midomo yake haitulii mbele ya komeo, waulize wanaofuga. Nguruwe huchimba kwa pua na kunusa kilichofukiwa, kwa hiyo ukuta au ua wowote wenye udongo chini yake ni kazi yake. Kondoo anasingiziwa ujinga, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka miwili. Fikiria hadithi ambayo mbweha ameingia zizini amejifunika ngozi ya kondoo, na anayemgundua ni yule ambaye wote walidhani hajui kitu.

Halafu kuna punda. Kiswahili hakijamtendea wema: asante ya punda ni mateke, tunasema, na ile methali ya mashuzi sitaiandika hapa, ingawa watoto wakiisikia hawakai chini tena. Vizuri. Mtoto anakuja na sifa hiyo kichwani, nawe unaitumia. Teke ambalo kila mtu analilalamikia tangu ukurasa wa kwanza ndilo litakalovunja mlango ukurasa wa kumi.

Hilo la punda ndilo la kushika kuliko yote katika sehemu hii. Kitu kilekile kinachomfanya mnyama awe kero mwanzoni kiwe ndicho kinachohitajika baadaye. Kondoo hufuata aliye mbele bila kuuliza: mwanzoni wote wanaelekea upande mbaya kwa sababu mmoja amekimbia huko, na mwishoni wanapita salama gizani kwa sababu hakuna aliyeachia mkia wa mwenzake. Kero isiporudi kama msaada, umeandika kichekesho tu. Na msaada usipotanguliwa na kero, umeandika maelezo ya somo la sayansi.

Hatari

Kwa watoto wadogo mimi napenda maji. Fisi ni rahisi mno, maana akipigwa anakimbia na hadithi imekwisha. Maji hayapigwi, hayaogopi kelele, wala hayana ubaya moyoni. Wanyama hawana budi kufikiri. Zaidi ya hayo, maji yana saa ndani yake: yanapanda. Huhitaji kuandika “muda ulikuwa unayoyoma”. Pima kwa miili yao. Maji yamefika kwenye vidole vya bata, yamefunika kwato za mbuzi, yamefika magoti ya punda, sasa yanamgusa mbuzi tumbo. Kila kipimo kinachora picha, na mtoto anajua mwenyewe kwamba kinachofuata ni shingo.

Moto sisimulii kabla ya kulala. Mnyama mkali nasimulia kwa wale wa miaka sita na kuendelea, nikimpa sababu: ana njaa, au ana watoto wake pia. Simpi ubaya mtupu, kwa kuwa adui mbaya mtupu hana hesabu zake, na adui asiye na hesabu hawezi kudanganywa.

Hatari nyingine ni mwenye mali mwenyewe. Ndugu Grimm wa Ujerumani walichapisha mwaka 1819 hadithi ya punda, mbwa, paka na jogoo waliotoroka mabwana zao: watatu wa kwanza kwa sababu uzee ulikuwa umewaponza, na jogoo kwa sababu alikuwa karibu kuchinjwa. Ukiisoma kama fundi, angalia dirisha: wanyama wanapandana migongoni, punda chini, jogoo juu kabisa, wanalia wote kwa mpigo mmoja, na wanyang'anyi waliomo ndani wanadhani zimwi limewavamia. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye peke yake angemtisha mtu. Lakini hadithi ya mnyama anayekimbia kuchinjwa iache kwa watoto wakubwa, la sivyo jiandae kujibu maswali wakati wa kula.

Usisahau kumwondoa mwenye shamba. Mtoto wa miaka mitano atauliza yuko wapi, na usipomjibu hasikii kinachofuata. Sentensi moja inatosha: amevuka mto asubuhi kwenda kumwona mgonjwa, na mvua imemzuia ng'ambo. Sasa hana lawama, na tumeshajua kwamba mto umejaa.

Waache kwanza wagombane

Nitaonyesha kwa hadithi yangu mwenyewe. Wanyama ni Bata, Mbuzi, Punda, Ng'ombe na Kuku mwenye vifaranga sita. Banda liko bondeni, mlango umefungwa kwa komeo la mti upande wa nje. Inaanza hivi:

“Mvua ilinyesha mchana kutwa, na usiku ikazidi. Bandani giza totoro. Wote walilala fofofo. Wote, ila jicho moja la Bata. Jicho hilo likaona kitu kinang'aa chini ya mlango. Kikang'aa. Kikasogea. Kikamgusa Bata mguuni. Baridi!”

Hapo nanyamaza kidogo. Wapo ambao tayari wanajua ni nini, na hawataweza kujizuia.

Bata anawaamsha wenzake kwa kwaa kwaa kwaa. Kosa la watunzi wengi linakuja papa hapa: wote wanaamka na papo hapo wanakubaliana. Kwa nini wakubaliane? Tazama miili yao. Bata anaweza kupenya chini ya mlango akaogelea zake. Ng'ombe ni muogeleaji mzuri, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wenye shida ni vifaranga na mama yao. Hatari haiko sawa kwa wote, na wote wanalijua hilo. Huo ndio moyo wa hadithi yoyote ya kuokoana: kuna wanaoweza kuondoka sasa hivi, na swali ni kwa nini wabaki.

Ukijibu swali hilo kwa hotuba, umekwisha. Lijibu kwa deni.

“Mbuzi akasema kwa hasira, ‘Wewe Bata unaogelea. Shangazi Ng'ombe naye anaogelea. Mmetuamsha ili mtuage?’

Bata hakumjibu. Alikuwa anamtazama Mama Kuku, aliyejikunyata kiotani, haoni kitu gizani, vifaranga wote sita wako chini ya mbawa.

‘Mama,’ akaita Bata. ‘Nilipokuwa yai, uliniatamia siku ngapi?’

‘Ishirini na nane.’

‘Na hawa wako?’

‘Ishirini na moja.’

‘Basi unanidai siku saba,’ akasema Bata. ‘Sitoki.’”

Siku hizo ni za kweli. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi, la bata wa kawaida huchukua 28, na wafugaji wengi huwawekea kuku mayai ya bata wayaatamie. Nilipoliona hilo sikuhitaji tena Bata awe na moyo mzuri. Anajua anadaiwa, na watoto wana hisia kali sana kuhusu anayedaiwa na asiyelipa. Kwa mnyama wako tafuta kitu cha aina hiyo: kidogo, chenye hesabu, na kilichotokea kabla hadithi haijaanza.

Ng'ombe naye sikumpa maneno. Anasimama tu mlangoni, anatazama nje kupitia ufa, kisha anarudi na kuinamisha mgongo. Mmoja akisema na mwingine akatenda, inatosha. Wote watano wakieleza nia zao utawaona watoto wameanza kuchezea kamba za viatu.

Mlango

Hakikisha hakuna kazi inayomalizwa na mmoja. Mbuzi anapanda mgongoni kwa Ng'ombe, anapenya kwenye kidirisha, anaruka nje chubwi! Anasukuma komeo kwa pembe. Linapanda, nusu, halafu linakwama, maana mti uliolowa umevimba. Mbuzi anasukuma tena. Wapi! Ndipo anapiga kelele: “Mzee Punda! Lile teke lako!”

Mbuzi huyuhuyu, ukurasa wa pili, alikuwa amepigwa teke hilo na kuapa kwamba hatalala tena karibu na Punda. Watoto wanakumbuka. Punda anageuka, anaupa mlango mgongo, anauliza kwa adabu zake zote, “Kijana, umetoka mbele ya mlango?” Kisha: puu! Puu! Kacha!

Bila Mbuzi kuliinua komeo nusu, teke lisingelivunja. Bila teke, pembe zingechoka. Bila mgongo wa Ng'ombe, Mbuzi asingelifikia dirisha. Hapo ndipo ninaposema ushirikiano, na neno lenyewe halimo popote ndani ya hadithi.

Punda ana sifa nyingine nzuri: akiogopa husimama kwanza, hakurupuki, na watu wanauita ukaidi. Ningeweza kumsimamisha kwenye daraja bovu akawaokoa wote. Sikuitumia. Mnyama mmoja, kazi kubwa moja. Ukimpa mbili, mwingine anakosa.

Mnyama ambaye ni mzigo

Katika kila hadithi ya namna hii kuna mmoja anayebebwa tu, na mara nyingi ni mdogo, au mama. Kwangu ni Kuku. Gizani haoni, haogelei, ana watoto. Ukimwacha hivyo, nusu ya watoto wanaokusikiliza, ambao nyumbani ndio wadogo, watajifunza kwamba mdogo kazi yake ni kubebwa. Mtafutie la kufanya hata akiwa mgongoni.

Nje ya banda maji yanakwenda kasi. Na kasi si mchezo: maji ya sentimita 15 tu yakienda mbio yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ng'ombe, kilo mia nne na zaidi, anasimama upande maji yanakotoka ili yampige yeye kwanza, na Punda na Mbuzi wanatembea upande wa pili wa mwili wake, palipotulia. Bata anatangulia kuogelea, akitafuta penye kina kidogo. Lakini ni usiku. Bata hawaoni, nao hawamwoni. Vifaranga wawili wameruka kutoka kiotani kwa hofu na hawajulikani waliko.

Mama Kuku, juu ya mgongo wa Ng'ombe, anaanza kuita. Kifaranga hujua sauti ya mama yake hata asipomwona, na hao wawili wanatokea kwenye kichaka cha majani yaliyoelea. Haachi hapo. Anaendelea kuita njia nzima, koo, koo, koo, ili Bata aliye mbele ajue wenzake wako wapi na Mbuzi aliye nyuma asipotee. Mtoe Kuku sasa, na msafara umetawanyika.

Kibwagizo na sauti

Mtoto anataka sehemu yake ya kusema. Mpe mstari unaorudi, wenye mizani inayokaa mdomoni. Mimi natumia nane kwa nane, kama mashairi yetu ya zamani, kwa sababu watoto wanaipata mara ya pili tu wakiisikia:

Maji yaja, maji yaja,
nani ana la kufanya?

Anayejibu ni mnyama ambaye zamu yake imefika: “Niko mimi mwenye jicho”, “Niko mimi mwenye pembe”, “mwenye teke”, “mwenye mwili”, “mwenye wito”. Mpange kila mtoto awe mnyama mmoja. Mwenye teke watagombea, tayarisha kura.

Tanakali za sauti ziweke penye tukio, si kila sentensi. Chubwi moja ya Mbuzi ni tamu. Chubwi sita zinachosha. Na kabla ya yote, kama unasimulia kwa mdomo, sema “Paukwa!” na usiendelee mpaka “Pakawa!” irudi kwa nguvu. Ikirudi kwa uvivu, irudie.

Urefu: kwa chekechea maneno 600 yanatosha. Kwa mwendo wangu wa kusoma kwa sauti, maneno 100 hivi kwa dakika pamoja na kukatizwa, hizo ni dakika sita. Ukitaka kiwe kitabu cha picha, vingi huchapwa kurasa 32, kwa kuwa karatasi za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya nane. Ugawe matukio yako ili kila hatari ikae mwisho wa ukurasa wa kulia, na jibu lisubiri ukurasa ugeuzwe.

Kufika kilimani

Usimalizie kwa methali. Malizia kwa kuhesabu. Kilimani, mvua imepungua, Mama Kuku anahesabu: Ng'ombe, Punda, Mbuzi, Bata. Vifaranga: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Anahesabu tena. Watano. Watoto wanahesabu nawe kwa vidole na wanashtuka pamoja nawe. Kisha unyoya wa kifuani pake unatikisika, kichwa kidogo kinachungulia.

Kuna ngano ya njiwa walionaswa katika wavu, iliyomo katika Kalila na Dimna, kitabu cha kale cha ngano za wanyama, ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia Kiarabu katika karne ya 8. Njiwa wanaruka wote kwa pamoja na wavu wao mpaka kwa panya, na panya anapotaka kuanza kumfungua mfalme wao, mfalme anamwambia aanze na wenzake. Jambo hilo la nani anafunguliwa kwanza ni zuri kuliko methali yoyote. Hadithi yako ikiwa na kamba, wavu au ngome, fikiria nani anatoka wa mwisho.

Baada ya hapo simulia kwa watoto halisi na uwaachie waulize, maana wao ndio wanaoona matundu. Kwa nini Bata asiruke tu? Kwa sababu bata wengi wa kufugwa ni wazito mno kupaa. Weka neno “mnene” pale anapotajwa mara ya kwanza. Mbuzi si anaogelea pia? Anaweza, lakini si kwenye maji yanayokwenda kasi namna ile. Ongeza gogo linalopita mbio mbele ya mlango. Jibu kila swali ndani ya hadithi, kwa neno moja au mawili, mahali ambapo mtoto alikwama.

Swali moja nimeliacha bila jibu kwa makusudi, kwa sababu linawapa kazi mpaka kengele inalia: mwenye shamba akirudi asubuhi atasema nini? Wengine wanasema atalia, wengine atacheka, ila kubwa ni kwamba mlango umevunjika na lazima mtu alipe. Mara nyingi wanaamua alipe Punda.